Marahaba kwa Senti Kumi

Nimekabidhi funguo za ghala Jumatatu iliyopita, na Jumanne yake vijana wawili wa ofisini wakanifuata hadi nyumbani kuniuliza ile mizani kubwa hurekebishwaje ikianza kudanganya. Nikawaambia waipige teke upande wa kushoto, chini kidogo ya ndoano. Wakacheka, wakidhani nawatania. Sitanii. Nimeona basi niandike, maana nikifa na siri ya teke lile kichwani, kahawa yote ya Umatengo itapimwa kwa uongo.

Ya vyeo na mishahara sitayasema. Vyeo vyangu vilikuwa vitatu na vyote vilikuwa na kazi ile ile. Mshahara, mke wangu anaujua kuliko mimi. Nitasema ya kazi.

Mimi ni mtu wa ziwani, Mnyasa wa Mbamba Bay. Nilipopata ukarani katika chama cha wakulima wa kahawa nikapelekwa Litembo, juu kabisa milimani, na kwa ujinga wa kijana nikapanda huko nimevaa kaptula nyeupe na shati la mikono mifupi, kama mtu anayekwenda kuoga. Karani mkubwa wa kituo, Bwana Yordani, alinikuta mlangoni magoti yanagongana. Akavua koti lake, akanipa, akasema, "Kesho ulirudishe. Hapa kila mtu hutetemeka na lake." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho, na sikupata mengine.

Huyo Bwana Yordani ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi cha makusudi ambacho alikitumia badala ya maneno. Alinifundisha kuingiza mkono ndani ya gunia hadi kwapani, maana mawe hukaa chini na kahawa nzuri hukaa juu kuangalia watu. Alinifundisha kunusa, kutafuna punje moja na kutema kwa adabu, na kushona mdomo wa gunia kwa ile sindano ndefu bila kujichoma paja. Penseli tulizopewa zilikuwa zile za kopi, ambazo ukizilamba huandika zambarau na haifutiki. Nililamba penseli hizo miaka mingi hata midomo yangu ikageuka rangi, na Wamatengo wakaniita Karani Midomo. Padri mmoja aliwahi kunivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama nimeonja divai ya misa.

Kazi nyingine haikuandikwa popote lakini ilikula muda wetu kuliko kupima: hesabu ya akiba. Fedha ya kahawa ilikuja mara moja kwa mwaka, na haikukaa. Kodi ya serikali inachukua chake, kanisa linachukua chake, pombe na ndugu wanamalizia. Ukifika mwezi wa kumi na mbili mtu yuko pale pale alipokuwa mwezi wa tano, ila ana kofia mpya. Kwa hiyo Bwana Yordani alikuwa na desturi ya kumkalisha mtu juu ya gunia na kumhoji. Unataka nini? Bei yake? Unacho kiasi gani? Unakitaka lini? Kisha anatoa ulicho nacho kwenye bei, kinachobaki anakigawa kwa miezi, anakwambia kila mwezi weka kiasi hiki. Ndiyo hesabu yote. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Kuishi nayo ndiko kunakotoa watu jasho.

Sasa nije kwa Mama Agata, ambaye alinitoa jasho mimi.

Alikuja kukaa juu ya gunia mwaka ule vita ya Wazungu imekwisha na nguo zimeanza kurudi madukani. Watu walikuwa wamevaa viraka juu ya viraka hata hujui nguo yenyewe ilikuwa ipi. Fundi wa karibu alikuwa Mbinga, na huyo ukimpelekea suruali Pasaka utaivaa Krismasi. Mama Agata alikuwa amejifunza kushona kwa masista wa misheni, na katika duka moja la Mbinga ameona cherehani ya mkono, nzuri, inauzwa shilingi mia mbili na arobaini. Fedha ya kahawa yake ilikuwa mia moja na ishirini. Ameshampelekea mwenye duka yote, na mwenye duka amekubali kumwekea cherehani mpaka siku ya kufungua msimu mpya. Siku hiyo nusu iliyobaki isipotimia, cherehani anapewa fundi wa Tingi, kule chini njia ya ziwani, ambaye anaitaka tangu zamani, na Mama Agata anarudishiwa fedha yake.

"Una haraka gani na cherehani, mama?" nikamwuliza.

"Haraka si ya cherehani, Bwana Karani. Ni ya nyumba."

Mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akamwachia watoto wawili na shamba dogo. Kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Sikstus, alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba msimu mpya ukifunguliwa bila mjane kuwa na njia ya kujilisha, nyumba ile ifungwe, yeye na watoto wahamie kwake. Tayari alikuwa anakata nguzo za kumjengea chumba. Mzee Sikstus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili, tumbo moja kubwa, na moyo wa kutaka kila mtu akae mahali anapoweza kumwona.

"Kwake nitakuwa wa tatu wa kuchota maji," akasema Mama Agata. "Nyumba ile nimeikandika kwa mikono hii. Siifungi, hata wanibebe."

Basi nikalamba penseli. Mia na ishirini iliyobaki, miezi kumi: shilingi kumi na mbili kila mwezi. Nikaitamka kwa sauti ya kanisani, nikajisikia mtu mkubwa. Mpaka leo nasema hesabu ile ilikuwa sahihi.

Mwezi wa kwanza hakuleta kitu. Mwezi wa pili akaja, akasalimia, akakaa, akaanza kutazama paa.

"Mama Agata, ya mwezi huu iko wapi?"

"Mwezi huu haukuja na fedha, Bwana Karani. Umekuja na mvua."

"Hesabu inasema shilingi kumi na mbili."

"Basi iambie hesabu ikalime."

Bwana Yordani alikohoa hadi akashika nguzo. Alipopata pumzi akasema kosa letu ni kugawa kwa miezi, na mwezi wa mkulima hauna mfuko. Tugawe kwa kitu chenye fedha ndani yake. Akamwuliza Mama Agata nini huweza kumletea shilingi kabla ya kahawa. Jibu likawa usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Ateremke Mbamba Bay na maharage kichwani, auze, anunue usipa mkavu, apande nao auze kwenye gulio la Litembo. Tulipotoa gharama ikabaki faida ya shilingi nne kwa safari. Mia na ishirini kwa nne ni safari thelathini, na muda uliobaki ulitosha kwa safari moja kila wiki, na wiki moja mbili za kuumwa miguu. Mama Agata akafunga kanga, akajitwisha maharage, akaondoka. Tukapeana mkono mimi na Bwana Yordani kwa jinsi tulivyo na akili.

Safari ya kwanza alileta shilingi moja na nusu. Ya pili, moja. Ya tatu alileta senti themanini na hasira.

"Usipa umeoza?" nikauliza.

"Umesalimiwa," akasema.

Nilikuwa sijui. Kwetu ziwani ukimwamkia mzee, umemwamkia, mkaagana. Kule milimani, mtu wa ukoo anayepanda kutoka ziwani na samaki akikutana na mzee wake lazima aseme shikamoo, mzee ataitika marahaba, halafu mzee atauliza, "Ziwani kwema?" Hapo mdomo hautoshi kujibu. Unatua kikapu, unafungua majani, na mzee anachota kionjo. Konzi moja, kwa heshima. Na kuanzia mtoni kupanda juu, mlima ule wote ulikuwa ukoo mmoja, nao walikuwa na wazee wengi wenye afya njema.

Nikaamua niende naye safari moja nijionee. Hadi Tingi tulipita kama wafalme, kikapu kimejaa. Tulipovuka mto, wa kwanza akatokea kwenye migomba. Shikamoo, marahaba, ziwani kwema, konzi. Wa pili alikuwa amelala kando ya njia. Nikamnong'oneza Mama Agata tunyate, na mzee akaitika marahaba macho yamefumbwa, kabla hajaamkiwa. Wa tatu alidai shikamoo ameisikia kwa sikio moja tu, ikabidi irudiwe, na kionjo nacho kikarudiwa. Kwenye njia panda alikaa Mzee Sikstus mwenyewe, juu ya kigoda, na ungo magotini.

"Baba Mkubwa, ungo wa nini tena?" Mama Agata akamwuliza. Alimwita hivyo kama watoto wake wanavyomwita.

"Upepo, mwanangu. Upepo unanipeperushia usipa."

"Unakula akiba yangu, Baba Mkubwa."

"Mimi? Thubutu! Mimi nasalimiwa tu."

Na alikuwa anasema kwa moyo safi kabisa. Alituuliza habari za watoto, akamwombea Mama Agata Mungu amfanikishe na cherehani, akachota ungo.

Tulijaribu mambo mengi, na ninyi makarani wa leo myajue msije mkayarudia. Nilimshauri anunue usipa mara mbili ya ule wa mwanzo, wazee wachote kile kile na faida ibaki. Lo! Kikapu kilipokua na makonzi yakakua, maana mzee hawezi kuchota kidogo kwenye kikapu kikubwa, ni kumdharau mwenye nacho. Tukafunika usipa kwa gunia la kahawa. Ilikuwa Februari, hakuna kahawa hata ya dawa, na gunia lilinuka ziwa zima. Mwisho akaacha njia, akakatiza mashambani, na mashamba ya Wamatengo ni mashimo ya ngolo mtu na jirani, yaliyochimbwa kwenye mteremko kushika maji ya mvua. Alitumbukia katika la kwanza hadi kiunoni. Wazee wanne waliacha kazi zao wakaja mbio kumtoa, wakamtoa vizuri, wakampangusa matope, na kila mmoja akapata kionjo cha salamu na kingine cha msaada.

Mvua zilipokwisha tukahesabu. Safari zile zote, pamoja na zile za siku za mvua kali ambapo wazee walikaa ndani na faida ikapona, zilikuwa zimezaa shilingi arobaini na nane. Zimebaki sabini na mbili, na muda wa safari kumi na mbili tu kabla msimu haujafunguliwa. Hata kila usipa ukifika salama, kumi na mbili mara nne ni arobaini na nane. Pungufu ishirini na nne. Mama Agata alikaa juu ya gunia akishika tama, na mimi nikawa naona nguzo za Mzee Sikstus, ambazo zilikuwa zimeshachimbiwa na kupigwa fito.

Siku ile Bwana Yordani hakukohoa. Akaniambia, "Chukua mizani ndogo. Twende sengu."

Sengu ni baraza la ukoo kwa Wamatengo. Wanaume hula pamoja uani kwa mkubwa wao, kila mke akileta chungu chake, na mambo ya ukoo husemwa hapo hapo tonge likiwa mkononi. Mkubwa wa ukoo ule aliitwa Babu na kila mtu, hata na Bwana Yordani ambaye hakuwa ndugu. Alikuwa mkongwe, macho yameingia ukungu, lakini ulimi bado mzima. Tulipokwisha kula nikaomba ruhusa, nikatundika mizani kwenye tawi la mparachichi, nikaweka kikapu cha usipa katikati, nikaomba kila mzee achote kama anavyochotaga njiani.

Mama yangu! Mliwahi kuona aibu ya wazee? Wa kwanza alichota kwa vidole viwili. Wa pili akachukua samaki mmoja, akamrudisha akachukua mdogo zaidi.

"Choteni kweli kweli!" Babu akafoka. "Karani asiondoke hapa na uongo wenu."

Wakachota. Nikapima. Konzi la Mzee Sikstus lilishusha mshale hadi watu wakaguna. Nikawaeleza: haya ndiyo mnayochukua safari moja; haya ndiyo yanayobaki; hii ndiyo bei ya cherehani; na hii ndiyo nyumba inayofungwa. Mzee Sikstus aliutazama mkono wake kama si wake.

"Sisi hatukumwibia," akasema mmoja kwa unyonge. "Ametuamkia."

Babu akasugua fizi. Kisha akatoa hukumu. Kionjo kinatokana na salamu, na desturi ya kionjo yeye hawezi kuivunja, aliikuta. Lakini salamu anaweza kuizuia. Kuanzia kesho hadi msimu ufunguliwe, Mama Agata akipita na kikapu, mtu yeyote wa ukoo asisalimiane naye. Pasipo marahaba hapana kionjo.

Tukarudi kituoni tunaruka kama ndama. Safari iliyofuata Mama Agata akafika na kikapu kizima, akauza, akaweka shilingi nne kwenye kopo la samli tulilomtunzia. Ya pili, nne. Ya tatu, nne. Lakini uso wake ulikuwa umekunjamana kuliko wakati wa hasara.

"Una nini, mama? Akiba inakua."

"Bwana Karani, jana nimepanda mlima kama maiti. Walioniona wamenipa mgongo. Bibi mmoja amejifunika ungo kichwani nipite. Mzee Sikstus amejitupa kwenye mahindi, na miguu imebaki nje. Mume wangu alipofariki hawa ndio walionishika mikono. Leo nikitembea, njia nzima ni migongo!" Na hapo akalia waziwazi, machozi yakidondokea kopo. "Cherehani nikikosa nitalia wiki. Hii siiwezi."

Nikalipangusa kopo, nikalirudisha rafuni.

Safari iliyofuata ndiyo ile ambayo Litembo waliisimulia miaka. Mama Agata alifika njia panda, akamkuta Mzee Sikstus amechelewa kujificha. Mzee akageuka, akatimua mbio ndani ya mibuni. Mama Agata akatua kikapu, akamfuata.

"Shikamoo, Baba Mkubwa!"

Mzee kimya, anakimbia, tumbo linatangulia.

"Shikamoo nimesema! Hee, Baba Mkubwa! Shikamoo!"

Alimzungusha mibuni ile mara nyingi watu wakitazama kutoka juu, wengine wamekaa chini kwa kicheko. Mwishowe mzee aliishiwa pumzi, akakumbatia mti. Mama Agata akasimama mbele yake, mikono kiunoni, naye akihema.

"Shikamoo."

Mzee Sikstus akatazama kulia, akatazama kushoto. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba, marahaba. Hujambo? Watoto hawajambo? Nimekaa na marahaba hizi wiki hizi zote, zinanichoma kifuani!"

Jioni ile alishitakiwa sengu. Babu akamtoza faini ya senti kumi kwa kuitika, iingie katika kopo la Mama Agata, na kionjo asipate hata mkia. Mzee Sikstus akatoa sarafu yake ya senti kumi, ile yenye tundu, haraka mno kuliko mtu aliyeadhibiwa. Kisha akauliza kwa adabu, "Na kesho yake je, Babu? Nikiitika tena, bado ni kumi?"

"Kumi."

"Haijapanda?"

"Kumi, nimesema!"

Bwana Yordani akaniangalia, nami nikamwangalia. Tulikuwa tumeshaanza kugawa. Zilikuwa zimebaki safari nane. Pungufu ishirini na nne: kwa kila safari shilingi tatu, yaani marahaba thelathini. Nikalamba penseli.

Sikuamini kama watatimiza. Nilidhani wazee wale walikuwa wanapenda usipa. Kumbe usipa ulikuwa kisingizio tu. Walikuja njiani na senti zao zimefungwa kwenye nguo, wakajipanga kuanzia mtoni, kila mmoja anangoja kuamkiwa, na wakiamkiwa wanaitika taratibu, wanaivuta ile marahaba hadi mwisho, maana wameilipia. Mzee Sikstus alikuwa akiitika chini mtoni, kisha anakata njia ya mkato anapanda mbio, anatokea njia panda amekaa kigodani kama hajawahi kuonekana siku hiyo.

"Baba Mkubwa, si tumeshaonana?"

"Wapi? Labda umenifananisha."

"Shikamoo, basi."

"Marahabaaa!" Na senti kumi inalia ndani ya kopo.

Kuna mzee aliyeuza jogoo ili apate salamu za mwezi mzima. Kuna mwingine alitaka kukopa chama, nikamkatalia. Hatuna fungu la mikopo ya namna hiyo. Mama Agata alinona. Alikuwa anapanda mlima ule akiimba, na safari saba za kwanza zote zilitimiza shilingi tatu za marahaba juu ya nne zake za usipa.

Ya nane ndiyo iliyoharibu. Kahawa ilikuwa imeiva kwa ghafla, watu wote wako mashambani wanachuma, na njia ilikuwa tupu. Ajuza wawili, mzee mmoja mgonjwa, na Mzee Sikstus ambaye alijitahidi hadi akapoteza kiatu. Kesho yake msimu ukafunguliwa.

Asubuhi ile uwanja wa kituo ulijaa magunia na watu. Lori la mwenye duka lilikuwa limekuja kuleta chumvi, na juu yake cherehani imefungwa kwa blanketi. Dereva ameagizwa aiache Litembo akipewa fedha, au aiteremshe Tingi asipopewa. Bwana Yordani akamwaga kopo juu ya meza mbele za watu. Akahesabu. Akarudia. Akakohoa.

"Imepungua shilingi moja."

Sanduku la fedha za msimu lilikuwa bado halijafika kutoka Songea, kwa hiyo uwanja ule mzima ulikuwa na kahawa na hauna senti. Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe. Bwana Yordani akanikanyaga mguu. "Karani akitia shilingi yake leo," akanong'ona, "kesho wilaya nzima itakuja na pungufu ya shilingi." Nilimchukia dakika ile. Dereva akawasha lori.

Mama Agata alikuwa amesimama tu, mikono inaning'inia. Watu wakamgeukia Mzee Sikstus, maana chumba chake kilikuwa tayari, kimeezekwa, na leo ndiyo siku yenyewe aliyoitamka. Hakuwa na la kufanya ila kungoja lori liondoke.

Mzee akatoka katikati ya magunia akichechemea, mguu mmoja peku. Akaja hadi mezani. Akafungua pindo la shuka lake, na ndani yake kulikuwa na kamba ya sarafu za senti kumi zenye tundu, zilizotungwa. Akaifungua kwa meno.

"Marahaba," akasema, akaweka senti kumi mezani.

Mama Agata akamtazama. "Baba Mkubwa, sijakuamkia."

"Marahaba," akasema, akaweka nyingine. "Marahaba." Nyingine. Dereva akazima lori asikie. Mzee aliendelea, sarafu moja na marahaba moja, bila haraka, akimtazama mjane wa mdogo wake usoni, hadi kamba ikabaki kamba. Bwana Yordani akasogeza sarafu zile kumi upande wa zile nyingine. Akasema kwa sauti ya kituo kizima, "Imetimia."

Watu walipiga kelele hadi ng'ombe wa misheni wakakimbia. Cherehani ikashushwa. Mama Agata hakuiangalia. Alipiga goti pale pale kwenye vumbi la kahawa, mbele ya Mzee Sikstus.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Mzee akajipapasa pindo, tupu. Akajipapasa upande wa pili, tupu. Akanigeukia mimi kama mtu anayetaka kuomba mkopo mbele za watu.

"Msimu umefunguliwa, mzee," nikamwambia. "Itika tu."